Mfuko wa kitenge wa kushona kwa mkono: watoto wa miaka 8

SWALI: Nataka watoto sita washone mfuko mdogo wa kamba, bila cherehani. Nikate vipimo gani? Uzi wao hujifunga mafundo na mshono hukunjamana.

JIBU 1: Kata sm 20 kwa 46. Kila ncha fupi kunja sm 1, kisha sm 2, ushone: hiyo ndiyo njia ya kamba. Kunja kitambaa katikati, upande mzuri ndani, shona pande mbili sm 1 kutoka ukingoni. Anzia chini ya njia ya kamba! Wengi hushona hadi juu, kamba ikakosa pa kupita. Kamba sm 60, ivutwe kwa pini ya nepi.

JIBU 2: Uzi usizidi sm 50, mrefu hujisokota. Mshono hukunjamana kwa sababu mtoto huvuta kwa nguvu, basi alaze kitambaa mezani kila baada ya mishono mitano. Wekeni nukta za chaki kila nusu sentimita, zinasaidia mno.

JIBU 3: Chini ya mfuko hakuna mshono, hivyo hapafumuki. Pembe za juu ndizo dhaifu: rudia mishono mitatu hapo.