Yule fundi mnaemjua nyote leo kanivunjia heshima mbele ya mama mkwe, na gari bado iko barabarani

Mwana_Muyeye:

Naandika hii nikiwa chini ya mti wa mkilifi (mwarobaini), mbele kidogo ya daraja la Sabaki ukiwa unatoka Malindi unaenda Mambrui, boneti iko juu, moshi ndio kwanza umeisha, na wallahi nisipoyatoa haya hapa nitapasuka mimi kabla ya injini.

Fundi mwenyewe mnamjua. Jina silitaji na msinifuate inbox. Yule wa "hiyo kitu ndogo". Hata umpelekee gari iliyolala baharini wiki nzima na samaki ndani atakwambia hiyo kitu ndogo, tuma pesa ya spea. Basi ni huyo huyo.

Leo nilimbeba mama mkwe. Mama mkwe, na dadake, na yule shangazi wa Takaungu ambaye haongei na mtu, wamevaa, wamejifukiza udi, nyuma kuna sinia mbili za halua na deli la mahamri, tunaenda harusini Mambrui. Asubuhi nilipita gereji makusudi nikamuuliza, fundi, gari hii nibebe watu wazima? Akaipiga boneti kofi akanambia beba uende nayo hata Garissa.

Garissa! Tumevuka daraja tu taa nyekundu ikawaka. Na hizi gari hazina mshale wa joto, kuna kitaa cha bluu cha kukwambia injini bado baridi na chekundu cha kukwambia ushachelewa. Nikaweka kando hapo hapo nikazima. Moshi uliotoka hapa waliokuwa Gede wameuona. Shangazi wa Takaungu ambaye haongei akaongea, akaanza kupiga shahada.

Nikampigia. Akaja na bodaboda, shavu limejaa muguka. Akafungua boneti. Akatazama. Hakuinama, hakugusa paipu, hakugusa hata waya mmoja. Akafunga boneti, akajifuta mikono iliyokuwa safi, akamgeukia mama mkwe, si mimi mwenye gari, MAMA MKWE, akasema:

"Mama, gari hii nzima. Mwenye shida ni huyu. Mnunulieni tuktuk."

Na mama mkwe akaitikia, "Ehe."

Mnunulieni tuktuk!! Mimi! Niliyemjengea yule mtu nyumba kwa pesa za spea! Gari nilimpelekea ina tatizo moja tu, inachemsha. Ikarudi inachemsha na inatetemeka. Nikairudisha, ikaja haitetemeki ila taa za breki haziwaki na honi inalia yenyewe nikikata kona ya kushoto. Nimetuma pesa ya wota pampu. Nimetuma ya gasketi ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Nimetuma ya kuchongesha hedi Mombasa, eti mashine ya maana iko huko, mwaka huu mimi mwenyewe sijafika Mombasa lakini hedi ya gari yangu imepanda matatu imeenda na kurudi. Watoto wangu wanamjua yule fundi kuliko wanavyomjua babu yao.

Halafu huyo huyo anamgeukia mama mkwe. Mnunulieni tuktuk. Na unajua kilichofuata? Tuktuk ikapita. Wakaisimamisha. Wakahamisha halua, wakahamisha mahamri, wakapanda, na yeye fundi akawasaidia kubeba sinia! Akawafungia na turubai vizuri! Kazi ya maana ya kwanza kumuona akifanya tangu nimjue!

Sasa injini imepoa, nimefungua kifuniko cha rejeta na kitambaa. Kifuniko ni kile alichoniuzia yeye, "OG kutoka Japani". Geuza chini utazame. Ule mpira wa kuzibia haumo. Kuna kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa duara na mkasi, tena duara lenyewe la kupinda, na pembeni bado yanasomeka maandishi ya saizi, 26. Gari yangu imefungwa na baiskeli! Halafu mwenye shida ni mimi! Mnunulieni tuktuk!

Barani_Juu:

😂😂😂 nimemwaga chai yote kwenye kibodi. Swali moja tu, halua ilifika salama?

Mwana_Muyeye:

Halua imefika. Na usinichekeshe, sicheki.

Dada_wa_Gede:

Pole kakangu. Huyo kama ndiye ninaemfikiria mimi, na ni yeye, ndiye aliyenifungia betri kinyume. Chanya kwa hasi. Fyuzi kubwa ikaenda, altaneta ikaenda, redio ikanuka. Nikamuuliza imekuwaje, akanambia gari nyingine haziwapendi wanawake. Na bado akadai pesa ya kufunga. Mume wangu mpaka leo akipita ile gereji hufunga kioo.

Casuarina_Kwetu:

Sasa wewe pia. Gari inachemsha tangu enzi hizo unampakia mama mkwe? Si ungewaita tuktuk tangu nyumbani, ungeokoa heshima.

Mwana_Muyeye:

Kanambia mwenyewe beba uende Garissa!! Soma kwanza ndio ujibu! Alipiga boneti kofi!

Mzee_Furunzi:

Mwanangu pole sana, achana na hawa. Usiiwashe kwanza. Toa kijiti cha oili uitazame, ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa basi maji yameingia na ukiiwasha utaimaliza kabisa. Halafu niambie, thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwa joto, imo?

Mwana_Muyeye:

Oili iko sawa mzee, nimetazama, nyeusi tu. Thamostati aliitoa zamani. Alisema Pwani hakuna baridi, hicho kitu ni cha Wazungu wa Limuru, kinazuia maji bure. Akanipa mkononi nikaenda nayo nyumbani, watoto wanaichezea.

Mzee_Furunzi:

Nilijua. Mafundi wetu wengi huku wana ugonjwa huu, sio yeye peke yake. Sikiliza. Hizi injini nyingi za Kijapani thamostati yake ina sahani mbili. Ya juu hufungua maji yatoke kwenye rejeta yaingie kwenye injini, nyingi hufunguka kwenye digrii 82 hivi. Ya chini, wakati huo huo, hufunga ile njia ya mkato. Sasa ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto mengine yanarudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mtu anaitoa ili gari isichemshe na ndiyo inayochemsha, ukipanda kilima au ukipakia watu ndio utaona.

Na hicho kifuniko usikidharau. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha kinayoshika. Presha ikishikwa maji yanavuka digrii 100 hayajachemka. Sasa tyubu ya baiskeli itashika presha gani, presha inatoka, maji yanachemka mapema, yanamwagika, injini inabaki kavu na hedi inapinda. Na hedi ikipinda unaambiwa tuma pesa ya kuchonga. Umeona duara lenyewe lilivyo?

Swali la mwisho, ndani unatia maji gani?

Mwana_Muyeye:

Ya kisima. Pale pale gereji, ana mtungi.

Mzee_Furunzi:

Laa haula. Visima vya huku vina chumvi, mwanangu! Chumvi inakula aluminiamu ya hedi na rejeta kutoka ndani, wewe kwa nje waona rejeta inang'aa kumbe matundu ya ndani yashaziba. Tia kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Ukikosa kabisa tia hata maji ya mvua, lakini si ya kisima.

Mwana_Muyeye:

Mzee Mungu akuweke. Kwa hiyo mwenye shida si mimi. Naomba kila mtu alione hilo. MWENYE SHIDA SI MIMI. Angekuwepo mama mkwe asome hapa.

Barani_Juu:

Mtumie skrinshoti 😂

Baba_Tuktuk_Mtangani:

Samahani, mimi nimesoma huu uzi kutoka juu na kuna jambo limeniuma. Kwani tuktuk ni tusi? Mnunulieni tuktuk, ndio umekasirika hivyo? Mimi nimesomesha watoto kwa tuktuk. Leo hii Malindi nzima nani anawapeleka hospitali, sokoni, jeti ya wavuvi, harusini? Mama mkwe wako kafikishwa na nani? Angalau ungesema ahsante.

Mwana_Muyeye:

Ndugu yangu sijatukana tuktuk. Hoja ni kasemea wapi na kamwambia nani. Alimgeukia MAMA MKWE.

Baba_Tuktuk_Mtangani:

Umeandika kwa herufi kubwa na mashangao. Hilo ni tusi.

Ngala_Fese_Tu:

Tuktuk pia msijifanye malaika. Mna tabia ya kumpakia mtu mbele na dereva nusu tako nje, na mvua ikinyesha bei inapanda kabla matone hayajafika chini. Jana kutoka stendi mpaka Maweni niliambiwa bei ya kwenda Watamu.

Baba_Tuktuk_Mtangani:

Na nyinyi abiria wa kushuka na noti ya elfu asubuhi saa kumi na mbili? Chenji nitoe wapi, kwenye ekzosi?

Dada_wa_Gede:

Noti ya elfu lipa kwa simu bana, mambo mengine ni ya kujitakia. Ila wale wa usiku wanaozima taa za mbele eti wanaokoa betri hao ndio wataua watu pale Kijiwetanga.

Mkaa_Kilifi:

Mimi nasema tatizo haliko kwa fundi wala tuktuk, tatizo lilianza ulipoinunua. Watu wananunua gari Mombasa kwa kutazama rangi na harufu ya viti. Gari ya mtumba ikiingia Kenya haitakiwi kuzidi miaka 8, sawa, lakini miaka 8 ya nani? Kuna iliyoendeshwa na mzee wa kwenda dukani na kuna iliyopigishwa delivari, kupeleka mizigo usiku na mchana. Omba karatasi ya mnada ya Japani, imeandikwa daraja na kilomita. Ukiona R ujue imeshagongwa ikatengenezwa. Ukiambiwa karatasi imepotea, na wewe potea. Mimi niliuziwa gari kilomita zake za kwenye dashibodi ni chache kuliko za kwenye stika ya oili iliyobandikwa mlangoni! Stika imeandikwa Kijapani lakini tarakimu ni tarakimu. Nilipomuonesha yule muuzaji, na nyote mwamjua, akaibandua stika mbele yangu akaitia mfukoni.

Barani_Juu:

😂😂😂 huyo kashinda, leteni kikombe

Mwana_Muyeye:

Hajashinda chochote. Wa kwako hakumgeukia mama mkwe wako.

Mkaa_Kilifi:

Kakaangu, wa kwangu nilimlipa na pesa ya kiwanja.

Nahodha_wa_Amu:

Nyinyi wa Malindi mwalia nini na gari? Ikizima mwashuka mwakaa chini ya mkilifi mwaandika. Sisi huku Amu (Lamu) boti ikizima huna pa kushuka. Juzi natoka Mokowe naja jeti ya mjini, boti imejaa watu, mashine farasi 40, katikati ya mkondo ikakata. Kisa fundi wetu, na watu wa Langoni wote mwamjua, kachanganya mafuta kwa kukisia. Mashine ya kuchanganya petroli na oili yataka kipimo, lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, yeye yuwamimina akitazama mpira kwenye simu. Plagi zimejaa oili nyeusi. Maji yatuvuta kwenye mikoko, abiria mmoja ana kuku, kuku karuka.

Dada_wa_Gede:

Subhanallah. Kuku alipatikana?

Nahodha_wa_Amu:

Kuku yuwajua kuogelea kuliko yule fundi kujua kazi. Alitangulia yeye kufika mikokoni. Na nlipomwambia fundi akanijibu mkondo wa leo si mzuri. Mkondo! Mkondo ndio uliomimina oili?

Ngala_Fese_Tu:

Nahodha hebu nisaidie hapo hapo. Mjomba wangu yuko Mayungu, mashine yake inawaka vizuri lakini ule mrija wa nyuma hautoi maji, unatoa mvuke. Fundi anasema abadilishe mashine nzima.

Nahodha_wa_Amu:

Asibadilishe kitu. Impela hiyo. Ni kile kipangaboi cha mpira kilicho chini, ndicho kivutacho maji ya bahari kupoza mashine, na nyinyi wa huko mwapita kwenye mchanga maji yakitoka, mchanga wayala mapanga yake yote. Mwambie asiiwashe kabisa mpaka aifungue mguu, ile sehemu ya mashine izamayo majini. Na kila siku akimaliza aisuuze kwa maji matamu, atie kwenye pipa iwake dakika chache. Impela ni ya mpira tu, spea ya bei nafuu, mashine nzima ndio pesa.

Mwana_Muyeye:

Jamani mimi bado niko hapa Sabaki. Kuna mtu ana gari ya kunivuta? Na turudi kwenye hoja, yule mtu alisema

Ngala_Fese_Tu:

Ahsante sana nahodha. Hiyo impela huuzwa Malindi ama mpaka Mombasa?

Nahodha_wa_Amu:

Angalia kwanza pale karibu na jeti ya wavuvi, ukikosa nambie nambari iliyoandikwa kwenye mashine nitakutafutia huku. Lakini na mimi nataka plagi mbili za farasi 40, mwenye nazo Malindi azitie kwenye basi la Mokowe kesho asubuhi, nitazisubiri jeti.

Baba_Tuktuk_Mtangani:

Plagi ninazo mimi, mpya. Nitumie nambari yake nione kama ni hiyo.