Mashindano ya CECAFA ya wanawake yanachezwa kwa kubahatisha, na wanaoumizwa ni timu za chini

Wanajukwaa, salaam.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mashindano ya timu za taifa za wanawake ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati, yanayoandaliwa na CECAFA, hayana kalenda. Yalichezwa Zanzibar mwaka 1986, wenyeji wakalitwaa kombe, kisha yakalala kwa miaka 30 hadi yalipofufuliwa Uganda mwaka 2016. Tangu hapo tumeyaona Kigali mwaka 2018, tena baada ya kupigwa danadana za kuahirishwa, Chamazi, Dar es Salaam, mwaka 2019, Njeru, Uganda, mwaka 2022, halafu Chamazi tena mwaka 2025. Mara pengo ni la mwaka mmoja, mara ni la miaka mitatu, na hakuna kocha anayeweza kupanga maandalizi kwa utaratibu wa namna hiyo.

Nitaambiwa kuwa korona ilivuruga kila kitu. Mbona wenzetu wa COSAFA, yaani ukanda wa kusini mwa Afrika, walicheza Novemba 2020, korona ikiwa bado ipo? Walicheza kila mwaka kuanzia 2017 hadi 2024 bila kuruka hata mmoja. Mwaka 2021, ukanda wetu ukiwa hauna mashindano, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikwenda kusini kama waalikwa na wakarudi na kombe baada ya kuifunga Malawi 1-0 kwenye fainali. Nilishangilia kama Mtanzania yeyote, lakini iliniuma kwamba mechi hizo za ushindani tulizipata kwa hisani ya majirani.

Na hao angalau walialikwa. Tanzania, Uganda na Kenya wana ligi zinazoeleweka, hupata mechi za kirafiki, na kila mmoja amewahi kufika fainali za Afrika. Timu ninazozililia ni zile za mkiani. Katika hatua za mwanzo za kufuzu fainali za Afrika, Djibouti au Sudan Kusini ikipangwa na timu iliyoizidi uwezo, inacheza nyumbani na ugenini, inatolewa, na safari yake imeishia hapo hadi mchujo mwingine utakapoitishwa. Kwa timu ya aina hiyo, mashindano ya kanda ndiyo mahali pekee inapoweza kucheza mechi tatu au nne ndani ya wiki mbili dhidi ya wapinzani tofauti, wakiwemo walio saizi yake. Hata orodha ya ubora ya FIFA haimhesabu asiyecheza: timu ikikaa muda mrefu bila mechi huondolewa.

Zanzibar ndiyo inayonitia uchungu kuliko zote. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipa uanachama kamili Machi 2017 na kuuondoa Julai mwaka huohuo, kwa hiyo timu yake ya wanawake haina mchujo wa Afrika wala wa Kombe la Dunia, na ngazi ya kimataifa iliyobaki kwake ni hii ya CECAFA. Zilikuwepo timu nane mwaka 2019, zikawepo nane mwaka 2022, na Zanzibar ilikuwemo mara zote mbili. Mwaka 2025 zilikuwa tano tu, Zanzibar haimo, ilhali mashindano yalikuwa Dar es Salaam, ng'ambo ya maji, safari ya boti ya saa mbili hivi. Najua atatokea mtu wa kunijibu kwamba binti wa Kizanzibari anaweza kuitwa Twiga Stars. Ni kweli, anaweza kuitwa mmoja au wawili. Wale wengine waliobaki wacheze wapi?

Hoja inayonikera zaidi ni ya wanaosema timu hizi zinatuaibisha kwa vipigo, na kwamba bora kubaki na wachache wenye uwezo. Mwaka 2019 Uganda iliifunga Djibouti 13-0, Kenya nayo ikawafunga haohao 12-0. Sudan Kusini, wakishiriki kwa mara ya kwanza, walianza kwa kufungwa na Tanzania 9-0. Nilikuwa jukwaani Chamazi: mabeki wao walikuwa wakinyoosha mikono kudai kuotea huku mwenzao mmoja amebaki nyuma kabisa, karibu na golikipa, na kwa kubaki huko akiwafanya washambuliaji wetu wote wasiwe wameotea. Baadaye katika mashindano hayohayo waliifunga Zanzibar 5-0, na safari hii safu ile ilikuwa ikipanda pamoja kwa sauti ya mtu mmoja. Mafunzo hayo waliyapata uwanjani, kwa kucheza, na wasingeyapata kwa kuachwa nyumbani wakisubiri wawe wazuri kwanza.

Kuhusu fedha sitarefusha maneno. Tangu 2021 ukanda huuhuu umeandaa kila mwaka mchujo wa klabu za wanawake za Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa sababu CAF ndiyo inayoutaka na inauwekea tarehe. Viwanja vimepatikana, waamuzi wamepatikana, hoteli zimepatikana. Yanayotukwaza kwenye timu za taifa ni maandalizi ya zimamoto.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Mashindano yachezwe angalau kila baada ya miaka miwili, mwenyeji na tarehe vitangazwe mwaka mzima kabla, na timu zinazotolewa kwenye makundi zicheze mechi za kuwania nafasi ya tano hadi ya nane badala ya kufungashwa virago. Gharama za safari za timu zisizo na uwezo zibebwe na mfuko wa pamoja wa mashirikisho wanachama, na Zanzibar isiachwe nje tena. Waandishi wa michezo mliomo humu, mnaoingia kwenye mikutano ya viongozi wetu na kuuliza usajili wa wanaume kila siku, ulizeni safari hii mashindano yajayo ya wanawake ni lini na wapi, kisha mtuletee jibu hapa pamoja na jina la aliyelitoa.