Naomba ushauri: slingback ao balerina kwa mawe ya Goma?

Bandugu na wadada, naomba ushauri. Mwezi ujao dada yangu anaolewa hapa Goma na mi niko na dola 80 tu nilizoweka kwa ajili ya viatu. Naona wengi sasa wanaacha visigino virefu vyembamba, wanavaa vifupi ao balerina za chini, zile za wavu kama za chapa ya Alaïa, na kuna slingback (kiatu cha wazi nyuma, chenye kamba ya kushika kisigino) ya rangi mbili yenye Chanel ilitoa tangu 1957, beji na ncha nyeusi, ile naipenda sana juu ile ncha inafanya mguu uonekane mdogo na inaficha vumbi. Orijino siwezi, natafuta yenye kufanana, hata ya mutumba Birere, mradi ngozi iwe ya kweli.

Shida ni mawe ya volkano kwetu Ndosho. Mwaka jana kisigino kiliingia katikati ya mawe mawili, ngozi ikachubuka mpaka plastiki nyeupe ikaonekana, nikafika kanisani natembelea vidole, nililia kweli. Je, slingback inashika mguu kwa barabara ya mawe kama hii ao kamba inateleza nyuma? Na kubandika soli ya mpira chini, haiharibu umbo? Wenye mumeshavaa, munisaidie.