Pikipiki ya mkataba inalala nje: mnyororo, alamu, kufuli la diski au GPS?

Mkataba_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nina Boxer ya mkataba, yaani napeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki mpaka iwe yangu, na nimebakiza miezi mitano. Wiki iliyopita pikipiki ya jirani yangu iliondoka usiku. Alikuwa ameiloki usukani tu. Kinachouma zaidi ni kwamba hesabu bado anapeleka, maana mkataba wake unasema ikiibwa ni juu yake. Tangu siku hiyo silali. Mbwa akibweka natoka na tochi.

Ninapopanga hakuna geti, uani wanapita watu, na chumba ni kimoja nalala na mke na mtoto. Nina elfu sabini. Nimezunguka Kariakoo nikaona vitu vinne: alamu ya rimoti, kufuli la diski, mnyororo na kufuli lake, na GPS. Hela inatosha kimoja, au viwili vya bei ndogo. Kipi kinasaidia kweli?

Fundi_Nyakato

Mkuu, mpe pole jirani. Kufuli la diski lifute kabisa. Chungulia tairi lako la mbele: Boxer na TVS nyingi za kazi zina breki za dramu, hakuna diski ya kulifungia. Nimeshaona watu wananunua halafu wanaliweka kwenye spoku. Spoku inakatwa kwa koleo.

Hata wenye diski, kufuli lile linazuia pikipiki kusukumwa, halizuii kubebwa. Pikipiki zetu hizi hazifiki kilo 130. Wanaume watatu wanainyanyua, inaingia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, dakika moja hawapo. Kwa hiyo kila kifaa utakachokitazama, jiulize: je, wakiibeba kitasaidia? Loki ya usukani haisaidii. Swichi ya siri, ile ya kukata umeme injini isiwake, haisaidii. Mnyororo uliofunga tairi na fremu tu, bila kushika kitu kingine, nao hausaidii. Kinachosaidia ni kuifunga kwenye kitu ambacho hakibebeki.

Tabata_Relini

Mimi natetea alamu. Ninayo mwaka wa pili, imeniamsha mara mbili na mara ya pili kweli kulikuwa na mtu, alikimbia akaacha bisibisi.

Mama_Pikipiki3

Kaka wa Tabata, nakuamini, lakini wewe bila shaka unalala karibu nayo. Nilifunga alamu kwenye zangu zote tatu. Lori likipita inalia. Paka akiruka kwenye siti inalia. Baada ya wiki mbili majirani walizoea, na dereva wangu mmoja akawa anaizima mwenyewe ili watu walale. Halafu inakula betri taratibu. Pikipiki ikikaa siku nne bila kuwashwa, asubuhi unapiga kiki mpaka jasho linakutoka.

Nikahamia GPS. Nawaeleza kwa uzoefu wa mmiliki, kwa sababu wengi wanaielewa vibaya. GPS si kufuli. Inasoma mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti, kisha inakutumia kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Laini hiyo inataka salio kila mwezi, na ukiisahau muda mrefu inafungwa. Mwaka jana moja ya pikipiki zangu iliibwa na nikafungua simu kwa matumaini yote, nikakuta taarifa ya mwisho ni ya siku 19 zilizopita. Dereva alikuwa anapewa hela ya bando, hakuweka, nami sikukagua. Ile haijapatikana mpaka leo.

Iliyoibwa kabla ya hapo tuliipata ndani ya saa tatu, kwa sababu laini ilikuwa hai na kifaa kilikuwa kimefichwa vizuri. Usikubali fundi akiweke chini ya siti. Hapo ndipo wanapoanza kutafuta.

Pwani_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mama amesema kweli. Nami naongeza jambo moja: GPS ikikuonyesha iko nyumba fulani, usikimbilie huko na vijana wa steji. Nenda polisi kwanza ukachukue namba ya OB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu chao, uende nao. Nimeona mtu akipigwa karibu kufa kwa sababu nukta kwenye simu ilikuwa juu ya paa lake, kumbe pikipiki imo kwa jirani, nyumba ya tatu. Ile nukta hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa mtaani ni nyumba za watu wengine.

Mama_Pikipiki3

Asante sana ndugu wa Likoni. Huku kwetu Tanzania namba hiyo inaitwa RB, na ni hivyo hivyo.

Na zile GPS zenye kuzima injini kwa simu, msizime pikipiki ikiwa inatembea. Hujui aliyeko juu yake yuko mbele ya basi gani.

Mkataba_Mbagala

Nashukuru wote. Fundi, umetaja swichi ya siri. Kuna fundi wa hapa ananiambia ni elfu kumi na ndiyo dawa. Na je, kuingiza ndani chumbani? Wengi huku wanafanya.

Fundi_Nyakato

Swichi ya siri ni nzuri kwa mchana, unapoiacha sokoni au msikitini dakika kumi, maana pale mwizi anataka awashe aondoke kama yake. Hatakuja na kirikuu saa sita mchana. Lakini isifungwe kwenye waya za funguo, kwa kuwa hapo ndipo wanapochezea. Iwekwe kwenye waya unaokwenda koili, inayopeleka moto kwenye plagi, na kitufe usikiweke mahali ambapo kila fundi wa mtaani anaweka. Koki ya mafuta nayo ifunge kila unapopaki. Injini itawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, itakwenda kidogo, itazima. Haigharimu kitu.

Kuingiza chumbani na mtoto ndani, hapana mkuu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni, na chini ndiko liliko jiko la mkaa na ndiko anakolala mtoto. Bora pikipiki iibwe.

Mnyororo sasa. Ukienda dukani nenda na tupa ndogo. Sugua pingili moja: tupa ikichuna kirahisi, chuma ni laini, mkasi wa nondo utaukata. Tupa ikiteleza, huo umekomazwa. Usidanganywe na ile mipira ya rangi iliyovalishwa juu, funua uone unene wa chuma chenyewe. Kufuli liwe na shingo fupi na nene, mtu asipate pa kuingiza nondo akalipinda. Waya zile za baiskeli achana nazo.

Ukifunga, pitisha mnyororo kwenye rimu ya nyuma na fremu pamoja, usiupitishe mbele, tairi la mbele linafunguliwa kwa spana moja. Na usiuache ulegee mpaka ulale chini. Ukigusa sakafu, mtu anaukandamiza na mkasi kwa uzito wa mwili wake wote, au anauponda kwa nyundo.

Mlinzi_Wa_Zamani

Nililinda maegesho miaka sita. Grenda la betri linakata chochote, tusidanganyane. Ila linapiga kelele na linatoa cheche, na usiku mwizi anaogopa vyote viwili. Siku zote walichukua isiyofungwa iliyo jirani na iliyofungwa. Kama karibu na wewe kuna maegesho yenye mlinzi na taa, piga hesabu ya mwezi mzima uone.

Na turubai la kufunikia, hata chakavu. Mpita njia asijue kama chini yake kuna Boxer mpya au mkokoteni.

Tabata_Relini

Bima je? Hakuna aliyeitaja.

Mama_Pikipiki3

Bima ndogo ambayo wengi tunakata kwa sababu ya trafiki hailipi wizi. Inalipa uliyemgonga. Wizi uko kwenye bima kubwa. Mkataba_Mbagala, muulize tajiri wako amekata ipi, una haki ya kujua. Kadi ya pikipiki usiiweke chini ya siti, na namba ya chesesi na ya injini zipige picha leo hii.

Mkataba_Mbagala

Wakuu narudi baada ya wiki mbili. Maegesho yenye mlinzi kwa mwezi yalikuwa yananizidi, kwa hiyo nilizungumza na mwenye nyumba akaniruhusu kuchimba uani chini ya dirisha langu. Kipande cha nondo ya milimita 16 fundi wa kuchomelea alikipinda kama U, akachomelea vipande vya kukingama chini ili kisichomoke. Tumekizamisha kwenye zege kina cha mkono mpaka kiwiko. Sikukitumia siku saba, nilikuwa namwagia maji asubuhi na jioni. Siku hizo pikipiki ililala kwa shemeji, kule Kijichi.

Mnyororo nilikwenda na tupa kama fundi alivyosema. Duka la kwanza na la pili tupa ilichuna kama sabuni, muuza alikasirika. La tatu iliteleza. Mnyororo na kufuli vimekula elfu arobaini na tano, zege na nondo elfu kumi na nane. Iliyobaki nimenunua turubai la mtumba. Tajiri nilimuuliza, ni bima ndogo. Tumekubaliana ikiisha mwezi wa tisa tuchangie kubwa, kila mmoja nusu. Jirani naye amechimba lake pembeni yangu, anatafuta mkataba mwingine.

Swali la mwisho: kufuli limeanza kukwama kwenye ufunguo na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Nipake grisi?

Fundi_Nyakato

Hapana. Grisi inashika mchanga, na huko kwenu mchanga ni mwingi. Tone mbili za oili ya cherehani kwenye tundu la ufunguo, zungusha mara kumi, futa. Rudia kila Jumapili. Kata chupa ya plastiki ulivalishe kufuli kama kofia, na tundu liangalie chini.