Kitabu cha simu kimekufa: tuanzishe orodha ya namba za mkononi?

Wakuu, naleta hoja.

Vijana hawakijui, ila enzi za Posta na Simu, na baadaye TTCL, ofisi yenye simu ya mezani haikukosa kile kitabu kinene: jina, sanduku la posta, namba. Ulikuwa na jina, ukapata namba. Kikichakaa, kurasa zake zilifungia karanga.

Simu za mkononi zilipoenea, kazi hiyo haikupata mrithi. Leo mambo yamegeuka: ukiwa na namba, jina unalipata. Unajifanya unamtumia mtu elfu moja, jina la mwenye laini linajitokeza, unaghairi kabla ya kuthibitisha. Nani hajawahi? Truecaller nayo itakuonyesha jinsi watu walivyokusevu, hata kama ni "Fundi Bomba Msumbufu". Ila ukiwa na jina tu, tuseme ofisi ya maji ya wilaya, unabaki kuulizia kwenye magrupu ya WhatsApp.

Naona TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, isimamie orodha moja ya bure, ya ofisi za umma na biashara. Mtu binafsi aingie akitaka mwenyewe. Mnasemaje?

Mama Tabata: Napinga. Hata bila orodha napokea "ile hela tuma kwenye namba hii" kila kukicha. Tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, 2020 wasiosajili wakafungiwa, na matapeli bado wanapeta. Leo mnataka kuwapangia majina yetu kwa alfabeti!

Wakili Msomi: Mama, soma hoja tena, kasema akitaka mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda mtu, na ni sawa kabisa. Ofisi ya umma si mtu, haina faragha ya kuificha namba ya mapokezi. Wala si lazima karatasi: Wafaransa waliiweka orodha yao kwenye Minitel, kimashine chenye skrini kilichounganishwa na laini ya simu, tangu miaka ya 1980; Minitel ikazimwa 2012 intaneti ilipokwisha kuipiku.

Mgosi: Mnabishania orodha, kwani simu zenyewe zinapokelewa? Huku kwetu namba ya ofisi imebandikwa mlangoni kwa kalamu ya wino. Ukipiga, anapokea afisa aliyehamishwa kitambo. Laini ilikuwa yake, kaondoka nayo.

Mleta hoja: Mgosi, hapo ndipo penyewe. Namba ya mezani ilikuwa ya ofisi. Bosi akihama, simu inabaki pale pale. Kwa hiyo naongeza sharti: isiingie orodhani laini iliyosajiliwa kwa jina la mtumishi. Ofisi isajili laini yake, na simu ikabidhiwe kama inavyokabidhiwa mihuri. Mama Tabata, kwa hilo bado unapinga?

Mama Tabata: Ofisi, sawa. Jina langu liacheni.