Tupeane uzoefu: kano ya goti inayomsumbua mrushaji kijana wa kriketi

Mzee wa Krizi
Wadau, habari za jioni. Kila msimu wa mashindano ya shule swali ni lile lile: kijana ana miaka 16 au 17, mrushaji wa kasi, goti linauma chini ya pia (kile kifupa cha mbele ya goti). Akipumzishwa wiki mbili linatulia, akirudi kwenye neti (eneo la mazoezi lililozungushiwa nyavu) siku ya tatu tu anachechemea. Tuweke hapa yanayosaidia, na tuweke kwa vipimo: seti ngapi, uzito gani, mipira mingapi, na watu huharibu wapi. "Pole sana" zina uzi wake.

Dada Fizio
Kabla ya zoezi lolote, mwambie aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Akigusa ncha ya chini ya pia, na maumivu yanapanda kadiri anavyoruka juu zaidi au kurusha kwa kasi zaidi, hapo ni kano. Akizungusha kiganja goti zima, tafuta sababu nyingine. Akigusa kinundu kigumu juu ya muundi, pale kano inaposhika mfupa, na bado anarefuka, tatizo liko kwenye sehemu ya mfupa inayokua. Hilo lina taratibu zake. Usimpe mazoezi ya uzito nitakayoandika chini.

Kano ina tabia yake. Mwanzoni inakaza, mwili ukipata joto inalegea, kijana anadhani amepona, anarusha ova (mizunguko ya mipira sita) zake zote. Bili inakuja kesho yake asubuhi kwenye ngazi.

Hospitali bila kusubiri: goti limevimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, linakwama halinyooki, limekuwa jekundu na kijana ana homa, maumivu yanamwamsha usiku, au amelala chali hawezi kuinua mguu ukiwa umenyooka. Hilo la mwisho linaweza kuwa kano iliyokatika.

Ova Sita
Niongezee kwa nini ni goti la kushoto kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Mguu wa kushoto ndio anaorukia mwishoni mwa mbio, anatua kwa kulia, halafu kushoto kunapigwa chini kwenye krizi (mstari ambao mrushaji hatakiwi kuuvuka) kuzuia mwili wote. Kwa hiyo kila mpira mguu huo unafanya kazi mara mbili. Nguvu inayorudi kutoka ardhini wakati wa kutua mbele, kwa mrushaji wa kasi, hufika mara tano ya uzito wake na hata zaidi. Ben Stokes, mchezaji wa kriketi wa Uingereza, anarusha kwa kulia, na goti lililomsumbua hadi akafanyiwa upasuaji mwishoni mwa 2023 ni la kushoto.

Sasa kosa la makocha: wanamwambia kijana "kunja goti ukitua, punguza kishindo". Goti likikunjika huku limebeba mzigo wote, misuli ya mbele ya paja inavuta kano kwa nguvu zaidi, si kidogo. Na ukimlazimisha anyooshe goti kabisa ghafla, kishindo kinapanda kiunoni, na mgongo wa mrushaji anayekua ni dhaifu pale. Mtindo wa kutua usiguswe katikati ya maumivu. Unachoweza kugusa ni ule mruko wa mwisho: wengi wanaruka juu kuliko wanavyohitaji. Ushushe, aende mbele badala ya juu.

Dada Fizio
Ova Sita kasema kweli. Twende kwenye kazi yenyewe.

Kano haiponi kwa kulala. Ukiiondolea mzigo kabisa inazidi kudhoofika, ndiyo maana wiki mbili za mapumziko hazikufikishi popote. Inataka mzigo mzito, wa polepole, unaoongezwa kwa hesabu.

Hatua ya kwanza ni kushikilia bila kusogea. Kama kuna jimu, mashine ya kunyoosha goti: goti likunjwe nyuzi 60 hivi, ashikilie sekunde 45, apumzike dakika 2, mara 5. Uzito uwe ule ambao sekunde za mwisho mguu unatetemeka. Kwa wengi maumivu hupungua baada ya hapo, kwa hiyo inafaa hata saa moja kabla ya mazoezi ya timu. Kila siku inaruhusiwa.

Bila jimu: chukua mkanda wa kufungia mizigo kwenye lori, uzungushe kwenye nguzo imara, upite nyuma ya magoti yote mawili, chini kidogo ya mkunjo. Arudi nyuma hadi mkanda ukaze, achuchumae kama anakaa kwenye kiti, mgongo wima, muundi nao wima. Sekunde ni zile zile. Panapoharibika: mkanda ukipanda kwenye paja kazi haifiki kwenye goti, na nguzo ikiwa ya kutikisika utamwokota kijana chini. Tyubu ya baiskeli haifai, inavutika mno.

Mlinda Mpaka
Dada, kukaa ukutani bila kiti haitoshi? Shule nyingi ndiyo wanayofanya.

Dada Fizio
Inasaidia kidogo, kaka. Kwa miguu miwili ni nyepesi mno kwa kijana anayerusha kwa kasi. Afanye mguu mmoja mmoja.

Hatua ya pili ndiyo kiini, na ndiyo watu wanayoruka. Mara 3 kwa wiki, siku zisifuatane, kwa wiki 12. Kuchuchumaa na uzito, au mashine ya kusukuma kwa miguu, seti 4. Wiki ya kwanza uzito anaoweza kuinua mara 15 na si zaidi. Wiki ya 2 na 3 mara 12, ya 4 na 5 mara 10, ya 6 hadi 8 mara 8, kisha mara 6 hadi mwisho. Idadi inashuka kwa sababu uzito unapanda. Kijana akibaki na uzito ule ule anapunguza kazi tu. Kushuka hesabu tatu, kupanda hesabu tatu. Akifanya haraka haraka anaruka na uzito mgongoni, na hicho ndicho tunachokikwepa.

Kocha Neti
Kwa wasio na vyuma: dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 hivi, likijaa mchanga mkavu linakaribia 30. Tatizo la maji ni kuchezacheza dumu lisipojaa, kijana anayumba. Mchanga kwenye gunia ndani ya begi la mgongoni ni bora. Uzito huo usipotosha tena, hamia mguu mmoja: mguu wa nyuma juu ya benchi, wa mbele ndio unashuka. Hapo kilo 20 zinakuwa nyingi.

Kipimo cha kila asubuhi nacho ni rahisi. Fundi akate ubao wenye urefu wa sm 40, nyuma uinuliwe sm 17. Hiyo ni nyuzi 25. Bandika mkeka chakavu juu usiteleze. Kijana asimame kwa mguu unaouma, kisigino upande wa juu, ashuke polepole mara moja. Atoe namba ya maumivu, 0 hadi 10, iandikwe. Namba za wakati wa zoezi zikiwa hadi 3 endelea. La muhimu ni asubuhi inayofuata: ikiwa imerudi kama ilivyokuwa, mzigo ni sahihi, ikiwa imepanda, punguza mzigo wa mara inayofuata, usifute zoezi.

Mzee wa Krizi
Na kurusha je? Hapo ndipo wanapoponzeka.

Kocha Neti
Mzee, hesabu mipira, usihesabu ova. Mpira mpana (wide) na mpira haramu (no-ball) havimo kwenye ova, lakini goti linavijua. Na neti zihesabiwe pia. Kijana anarusha ova 6 Jumamosi, kila mtu anasema amepumzishwa, kumbe Jumanne na Alhamisi karusha mipira 90 kwenye neti kwa sababu wapigaji walikuwa wengi.

Kurudi: usimwambie arushe kwa nusu nguvu. Mrushaji wa kasi hajui nusu nguvu, utaona anarusha vile vile. Kata hatua za mbio. Mfano wa mpango: wiki ya kwanza mipira 18, mara tatu, siku moja ya mapumziko katikati, kutoka hatua tatu bila kuruka. Wiki ya pili mipira 24 kutoka hatua zile zile tatu. Ya tatu 24 tena, mbio nusu, mruko umerudi. Ya nne mbio kamili lakini mipira inashuka hadi 18. Kila wiki ongeza kitu kimoja tu, ama mbio ama idadi. Namba ya ubao ikipanda, rudia wiki ile ile.

Miongozo ya Uingereza kwa vijana inafaa kuibandika ukutani, maana kwa miaka mingi ilisema wazi: wa chini ya miaka 13 ova 5 kwa mfululizo na 10 kwa siku, wa chini ya 15 ova 6 na 12, asirushe zaidi ya siku mbili mfululizo wala zaidi ya siku nne katika saba. Huku kwetu kijana mwenye kasi anarushishwa hadi mchezo uishe kwa sababu timu haina mwingine.

Ova Sita
Viatu na ardhi, kwa ufupi. Neti nyingi za huku ni zege lililofunikwa zulia la plastiki. Pale vaa soli ya mpira yenye vinundu. Viatu vya misumari kwenye zege vinateleza na kugonga. Kwenye nyasi angalia shimo la kutulia kwenye krizi. Likiwa na kingo, mguu unatua kwa pembe. Lijaze udongo, upigwe kwa nyundo ya mbao, kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko.

Mama wa Mrushaji
Samahani wataalamu. Mzee mmoja jirani ni mjuzi wa kuchua, na duka la dawa wananipa diklofenaki, dawa ya maumivu. Wangu ana miaka 12, kinundu kipo pale juu ya muundi.

Dada Fizio
Karibu mama. Kuchua misuli ya paja sawa, ila asiminye palepale panapouma, anakichokoza tu. Diklofenaki usimpe mtoto kwa mazoea. Inazima kengele, mtoto anaendelea kurusha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, inatuliza kwa jioni ile. Kamba ya kufunga chini ya pia baadhi inawapunguzia, haidhuru kujaribu. Sindano ya steroidi kwenye kano yenyewe ikatae, kwa mtoto na hata kwa kijana mkubwa: inatuliza wiki chache na inaweza kudhoofisha kano.

Kwa umri wake hahitaji begi la mchanga. Apunguze kuruka na kukimbia kwa kasi hadi maumivu yasizidi 3, ashikilie kuchuchumaa kwa upole, ainue visigino akiwa amesimama mara 15, seti 3, na aendelee kupiga na kudaka. Kinundu kinaweza kubaki hata maumivu yakiisha. Mwambie kocha asimpange kudaka karibu na mpigaji akiwa amechuchumaa muda wote. Ampeleke mpakani, ukingoni mwa uwanja, kule anatembea.

Mlinda Mpaka
Na aliyemaliza wiki 12, anaacha vyuma?

Dada Fizio
Hapana kaka. Mara 2 kwa wiki msimu mzima, mara moja wiki yenye mechi mbili. Siku ya uzito iwe baada ya mechi, isiwe jana yake.