Chaza wa mikokoni wanasafisha maji kweli, au ndoo yangu imenidanganya?

MvuviTudor:
Wanajamvi, salaam. Natega nyavu hori ya Tudor, Mombasa. Bamvua iliyopita, maji yalipokupwa, niliokota mzizi wa mkoko uliovunjika, chaza wameuganda tele. Nikautumbukiza ndooni kwa maji ya hori, na ndoo ya pili nikatia maji yaleyale bila chaza. Kufika alasiri, ndoo ya chaza naona hadi ule ufa niliouziba chini. Ile nyingine bado rangi ya chai ya maziwa. Ila kulijaa nyuzinyuzi za ute mweusi. Mke wangu asema ni mavi tu. Wanasafisha kweli? Na mbona hori bado inanuka?

BibiGazi:
Mkeo kapata nusu, mwanangu. Chaza huvuta maji, mashavu yake yakanasa kila kinachoelea. Vijimea vidogo huvimeza. Tope asilolitaka hulifunga kwa ute akalitema bila hata kupita tumboni. Hizo ndizo nyuzi nyingi ulizoona. Huzama, na bakteria wa kwenye tope hugeuza sehemu ya naitrojeni iliyomo ikawa gesi, ikarudi hewani.
Hori kunuka si kosa lao. Maji machafu ya vyoo yaingia usiku na mchana, masika mito nayo yaleta udongo, na chaza wa mizizini maji yakipwa hufunga gome, hafanyi kazi.

MkaaBaltimore:
Huku Maryland, Marekani, hadithi ni hiyohiyo. Chaza mkubwa wa ghuba ya Chesapeake, maji yakiwa na joto, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. (Wenu ni jamii nyingine, wadogo, usiwapigie hesabu hiyo.) Mwaka 1988 mwanasayansi Roger Newell alikadiria kuwa chaza wa kabla ya 1870 wangechuja ghuba nzima kwa siku 3 hadi 6, waliobaki wakati huo wangehitaji karibu mwaka. Siku hizi magome ya mahotelini hurudishwa majini, maana chaza wachanga hupenda kuganda juu ya gome.

BibiGazi:
Jambo moja: anachokichuja hubaki naye. Vijidudu vya choo hukusanyika mwilini mwake. Chaza wa hori hiyo usimle, na mbichi ndiyo kabisa.

MvuviTudor:
Shukran bibi. Wale wa ndooni tulishawala juzi, kwa ndimu na pilipili.

BibiGazi:
Mliwapika?

MvuviTudor:
Mke wangu ndiye aliyewapika. Mimi sikungoja.